Chembe za Plazma Ukweni Tinde

Aibu hii bora niisimulie mwenyewe, maana nimechoka kuisikia ikisimuliwa vibaya. Ilikuwa miaka ya themanini, nikisomea fizikia, nikatoka kwetu Kambarage na mjomba wangu kwenda Tinde kumposa Minza. Mambo yalikwenda vizuri mpaka baba yake akaniuliza nasomea nini hasa. Ningesema ualimu, yangeisha. Mimi nikajitia kueleza kwamba naandika programu ya kompyuta ya kuiga plazma, yaani gesi ya moto mno iliyovunjika ikawa chembe zenye umeme, kama ndani ya radi, na kompyuta inafuatilia kila chembe inasukumwa wapi.

Mzee akasema hajaelewa hata kidogo. Basi nikachota jivu jikoni (nani alinituma?), nikachora miraba uani, nikawapanga mashemeji ndani yake wawe chembe, nikawaambia mkijazana mraba mmoja mnasukumana, wengine wahamie kwenye nafasi. Wakahama wakicheka, hata mzee akasogeza kigoda aone vizuri, nami kichwa kikavimba. Nikasema kuna sheria moja tamu: chembe ikitoka nje kwa ukingo wa mashariki haipotei, inaingia tena kwa magharibi. Na ili waelewe nikajifanya chembe mwenyewe, nikatoka kwa mashariki, nikazunguka nyumba mbio ili niingilie upande wa pili, na kwenye kona nikamvaa mama yake Minza aliyekuwa analeta maji ya kunawa, tukaanguka wote, mimi juu.

Sasa kwetu mkwe hamgusi mama mkwe, hata wakikutana kijiani mmoja anaacha njia apite majanini. Mimi nilikuwa nimemlalia (mbele ya mjomba, mbele ya mashemeji, na Minza yuko mlangoni anaona). Mama akainuka, akajifunga kanga yake, akaingia ndani.

Mzee hakufoka. Alimgeukia mjomba, akasema, "Bwana, mchukue kijana wako. Mwanangu simpi mtu asiyetazama anakokwenda."

Tulirudi baadaye na mbuzi wa kuomba radhi. Mbuzi alipokelewa, mimi sikupokelewa. Minza akaolewa na mchimba dhahabu wa Nyarugusu, na iliniuma sana, sitaki kudanganya. Programu ilifanya kazi, kama mnataka kujua.

Nilikuja kuoa kwingine. Huko ukweni wanajua nafundisha hesabu, na nikipewa kigoda, sinyanyuki mpaka tunaaga.