Njia ya Tatu

Kutoka stejini, kituo cha matatu, hadi nyumbani kwetu Muthangari kulikuwa na njia tatu, na baba yangu alitembea ile ndefu. Ya kwanza ilipita mbele ya baa ya nyama choma, ambako wanaume wa afisi walianza kulegeza tai hata kabla ya saa kumi na mbili. Ya pili ilishuka kando ya mto, palipokuwa na vibanda vya mama pima, wauza chang'aa. Ya tatu ilizunguka na kupita kwenye kituo cha petroli, robo saa zaidi, na mvua ikinyesha unafika nyumbani na matope hadi kwenye soksi. Baba aliifuata hiyo kila jioni kwa miaka sita. Majirani walidhani anapenda mazoezi.

Mimi na mama tulijua. Tulihama kutoka Eastlands ili sifa zake zibaki huko. Huko mama aliwahi kumtoa mtaroni akiwa na kiatu kimoja, mchana kweupe, watu wakitoka kanisani, na mimi nikabeba kile kingine. Nilikuwa darasa la tatu. Halafu, miaka mitatu baadaye, tulipohamia Muthangari, akaacha. Aliacha siku ya Jumanne, bila mkutano wa injili, bila kuwekewa mikono. Mama alipomuuliza ameweza vipi, alimjibu, "Mimi sina nguvu. Nina njia tu." Nilipokuwa mdogo jibu hilo liliniudhi, nikaona ni la mtu dhaifu.

Muthangari hawakujua lolote. Huko alikuwa karani mpole wa serikali, shemasi, mwimbaji wa besi katika kwaya. Walimwita Pasta ingawa hakuwahi kuhubiri hata dakika moja.

Mwaka ule ambao matatu zilianza kuchorwa mstari wa njano, mimi nilikuwa nimemaliza Form Four na nasubiri matokeo. Ndipo tangazo likabandikwa kwenye ukuta wa kituo cha petroli: mwenye kituo anaomba leseni ya kuuza pombe, katika kile chumba walichokuwa wakiuzia mkate, maziwa na kadi za simu za kukwaruza. Mtaa uliwaka moto. Kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri na sikuwa na kazi, nilitumwa nyumba hadi nyumba kukusanya sahihi za kupinga. Wengine walisema watoto wataharibika. Wengine walisema kelele, wengine madereva walevi, na wachache wenye ukweli wakasema bei ya ploti itashuka. Mama mmoja alitia sahihi kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshika glasi yenye povu. Nyani haoni kundule, nikajisemea, nikamshukuru na kwenda mlango wa pili.

Mwenyekiti wa wakazi alikuwa mzee mstaafu wa nyumba ya kona, mwenye suti za vipande vitatu na gari refu jeupe. Alinukia peremende za mnanaa hata saa mbili asubuhi. Mimi niliyelelewa na mlevi nilipaswa kujua maana ya mnanaa wa saa mbili asubuhi, lakini suti huficha mengi. Jumamosi moja alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha baba.

"Pasta, wewe ndio utatuongelea kwa DC," alisema. "Yeye ndiye anapeana hizi leseni. Sisi wengine atatuuliza maswali. Lakini wewe utasimama useme hujawahi kuonja hata tone. Hapo ataskia."

Jikoni, mwiko wa mama ulitulia kwenye sufuria. Baba alimmiminia mgeni chai.

"Sawa, mzee. Nitaongea."

Nilijua atadanganya, na nakiri kwamba nilitaka adanganye. Nilitaka adanganye vizuri, kwa ile sauti yake ya besi, tuendelee kuheshimiwa.

Siku ombi hilo liliposikizwa tulijaa kwenye ukumbi wa DC, mkuu wa wilaya, tukakaa kwenye mabenchi ya mbao. Mwenye kituo aliongea kwanza. Hakuwa mtu mbaya. Alisema yeye pia ni Mkristo, duka litakuwa safi, na hakuna atakayelazimishwa kuingia. "Kila mtu ni mtu mzima, mheshimiwa. Achague mwenyewe." Kisha baba akaitwa. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, majirani wangu waliniambia niseme sijawahi kuonja. Nimeonja. Nimelewa miaka kumi na moja. Msichana wangu ako pale nyuma, alinibebea kiatu akiwa mtoto."

Watu wote waligeuka kuniangalia. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kutoka stage kwenda kwangu kuna njia tatu," aliendelea. "Mbili zina pombe, nilijifungia mwenyewe. Imebaki hii moja ya petrol station. Huyu bwana anasema mtu achague, na ni kweli. Mimi huchagua kila siku nikishuka stage. Nachagua na miguu, sababu kichwa yangu siiamini. Sasa naomba tu mniachie njia."

Akakaa. Hakulia, hakutaja shetani, wala hakusema ameokoka. Niliangalia mikono yake iliyokuwa ikitetemeka kila asubuhi ya utoto wangu, nikaiona imetulia juu ya magoti. Aibu yangu ikayeyuka, na mahali pake nikaingiwa na kicho kama kile ambacho watu husema huwapata mbele ya mlima. Siku zote niliishi na mtu huyu nikidhani ni mdogo. Kumbe kila jioni, kwa miaka sita, alikuwa akifanya jambo ambalo ukumbi mzima haukuweza hata kulitaja.

DC alimshukuru sana. Baada ya majuma mawili leseni ikatoka.

Baadhi ya majirani waliacha kumwita Pasta. Kwaya ilimpa likizo ambayo hakuiomba. Mwenyekiti hakuonekana kabisa, lango lake likawa limefungwa mchana na jioni.

Siku duka lilipofunguliwa mama alinituma nimpokee baba stejini. Nilipanga kuongea juu ya matokeo yangu njia nzima, kwa haraka, ili asipate nafasi ya kugeuza shingo. Lakini nilipofika nilimkuta mwenyekiti amesimama hapo na suti yake, kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Baba aliposhuka, mzee alimwendea.

"Pasta, leo tunaenda na wewe."

"Gari iko wapi, mzee?"

"Nimeiacha nyumbani. Ile ingesimama yenyewe pale dukani." Alijaribu kucheka. Midomo yake ilikuwa mikavu, na kwa mara ya kwanza hakunukia mnanaa. "Sijaguza tangu jana. Sijui kama nitafika kwangu."

"Utafika," baba alisema. "Si mbali."

Miaka yote sita nilimwona baba akipita kituo kile kwa upande wa pili wa barabara, akiambaa na ua wa miti. Hata wakati ambapo paliuzwa maziwa tu alipita upande huo, kwa mazoea. Jioni ile tulipokaribia, duka lilikuwa wazi, taa za friji zikiwaka, chupa zimepangwa mpaka mlangoni. Hatua za mzee zilipungua. Baba alimshika kiwiko, akavuka naye hadi kwenye ua, akamsogeza ndani karibu na miti, na yeye mwenyewe akatembea upande wa barabara, upande wa duka.

Mimi niliwafuata nyuma.

"Mzee, maji yamerudi kwako?" baba aliuliza.

"Bado."

"Hata kwangu bado."

Wakapita.