Nilivyokwenda Asumbi Kumfungulia Ndugu Yangu Njia

Safari hii ilianza na barua. Ndugu yangu mdogo, Owuor, ambaye ni daktari Ujerumani, alikuwa amerudi kwetu karibu na Asumbi ajenge hospitali kwenye shamba aliloachiwa na marehemu baba. Mawe yamefika, mafundi wamefika, kazi imesimama. Kwetu mdogo hafungui boma wala hajengi kwenye shamba la baba kabla ya mkubwa kufungua boma lake. Na mkubwa ni mimi, niliyekaa miaka mingi nikishona viatu Suna, katika chumba cha kupanga, bila boma.

Aliandika: "Kaka, sitakuruka. Lakini mwisho wa mwezi lazima nirudi kazini. Nisipoanza sasa, sijui nitaanza lini."

Niseme ukweli ingawa haunipendezi. Barua ile nilikaa nayo siku nne. Nilifurahi kidogo kwamba daktari mzima anamngoja mshona viatu. Halafu nikaona haya.

Alhamisi asubuhi tuliondoka Suna na lori la mahindi: mimi, mke wangu Akinyi, mwanetu mkubwa Otieno, na mabati manane makuukuu niliyoyang'oa kwenye kibanda changu cha kazi. Owuor alikuwa ameahidi kunipa mabati mapya, nikakataa. Sikutaka nyumba yake yenye jina langu. Labda kilikuwa kiburi. Akinyi alisema ni kiburi, hakuna labda.

Tulipofika Rongo dereva aliyatazama yale mabati. "Mzee, unahama au unahamia?"

"Sijui bado," nikasema.

Saa tisa tulishuka nyumbani. Owuor alikuja mbio, gamboti zake za mvua miguuni. Tayari alikuwa amenyoosha kamba kwenye uwanja nilioachiwa mimi na baba na kuchora nyumba kwenye karatasi. Baba mdogo Oloo, ndugu ya marehemu baba, ndiye angesimama mahali pa baba. Aliigeuza ile karatasi huku na huku, akanigeukia mimi.

"Madirisha sita! Okeyo, unajenga nyumba au wadi?"

"Baba, hewa ni dawa," Owuor akasema.

"Basi wewe utakunywa hewa. Mabati ni manane, omera, rafiki yangu."

Tukabaki na dirisha moja.

Ijumaa, kabla jua halijachomoza, tuliingia uwanjani kama desturi inavyotaka: Baba Oloo mbele, mimi na jogoo, Otieno na shoka, Akinyi na moto. Nyumba sharti isimame na kuezekwa siku hiyohiyo. Wengine wamesema Owuor alifuata mila kwa kuogopa wazee tu. Mimi nilimwona akikanyaga udongo kwa miguu mitupu tangu asubuhi mpaka jioni, akiimba vibaya. Lazima niliandike hilo. Jua lilipozama tulikuwa na mlango.

Kulipokucha mvua ikanyesha. Yale matundu ya misumari ya zamani nilikuwa nimeyasahau, mimi fundi wa kuziba viatu vya watu! Akinyi alikuwa ameinamia moto usizime. Jogoo alilowa chapachapa. Owuor akabisha hodi, akatazama juu, akarudi na mkoba wake wa dawa, akapanda paani.

"Mgonjwa ana matundu mangapi?"

"Mengi. Ni mzee."

"Mwambie asitikisike."

Akayabandika plasta moja baada ya nyingine. Baba Oloo alisimama mvuani akicheka mpaka akashika kiuno. "Daktari, umeshafungua hospitali!"

Nizitendee haki zile plasta: zilishika mpaka saa sita mchana.

Owuor aliposhuka hakucheka. Alijipangusa mikono, akaniuliza polepole, "Kaka, naweza sasa?"

Mtu aliyesoma hivyo, na ananiuliza mimi. Nikamshika mkono tukaenda hadi shambani kwake. Mafundi walikuwa wamejikinga chini ya turubai. Nikasema, "Anza." Sikupata neno kubwa zaidi. Jembe la kwanza lilipiga ardhi kabla mvua haijaisha.

Tulilala katika boma letu siku nne, kisha tukarudi Suna. Owuor alisafiri msingi ukiwa umekwisha, na leo akina mama wa kwetu wanajifungulia pale.

Nilichojifunza sina hakika kama nitakisema vizuri. Nilidhani kuwa mkubwa ni kungojwa. Sasa nadhani anayengojwa ana kazi moja tu: kufika. Hospitali haivuji. Nyumba yangu inavuja bado mahali pawili, na Owuor kila barua huniuliza hali ya mgonjwa.