Bundi Mweupe wa Saada

Kwao Mombasa, bundi akilia juu ya paa hutupiwa mawe. Lakini Saada, mshona mapazia wa mji wa Savage, ughaibuni, huu ulikuwa msimu wake wa tatu wa baridi akimtafuta bundi kwa hamu. Tena si bundi yeyote, ni yule mweupe anayeshuka kutoka kaskazini na kukaa kwenye mbuga za nyasi. Mumewe, Alwi, alimcheka sana, ila Jumamosi moja ya Januari 2014 akajizongazonga skafu akafuatana naye.

Keziah, nesi wa mji wa Coon Rapids aliyeongoza matembezi ya kutazama ndege, alitoa sharti moja tu: kimya. Maskini Alwi! Huyu hapishani na mtu bila kumjulia hali yeye, watoto wake na wagonjwa wa nyumbani. Mazoea yana tabu.

Walipofika juu ya kilima, Keziah akanyoosha kidole. "Yule pale chini, kwenye theluji. Mmemwona?"

Wenzake wote walimwona. Saada akainua darubini, akaona weupe juu ya weupe tu. Alikuwa na mtoto wa jicho, na hakumwambia mtu, hata Alwi, kwa kuogopa kukatazwa kuendesha gari.

"Mashallah," alisema kama wenzake, na moyo ukamuuma. Miaka yote hiyo, kisha arudi nyumbani na uongo!

Ndipo Générose, jirani yao Mkongo, alipotokea nyuma yao, kachelewa kwa sababu gari lake lilikataa kuwaka. Alwi akajisahau.

"Ee, Mama Bonheur! Umeamkaje? Watoto hawajambo?"

"Tuko bien, Papa Alwi!" Générose akaitikia kwa sauti ile ile.

Bundi akaruka. Keziah akamkata Alwi jicho. Lakini ndege yule alipita taratibu mbele ya misonobari myeusi, mabawa wazi, na Saada akamwona, akamwona mzima. Machozi yakamtoka.

"Nisamehe, Mama Mahdi," Alwi alinong'ona. "Nimekuharibia."

"Hukuharibu. Alipokuwa amekaa sikumwona. Siku hizi vingi sivioni, Baba Mahdi."

Alwi alimshika mkono wakashuka, na Saada akampa ufunguo wa gari bila kuombwa.

Barabarani Alwi, sasa yeye ndiye dereva, alianza kumtazamia ndege. "Kushoto kuna kunguru wawili," alisema kwa upole. "Mmoja mnene."

"Kunguru nawaona, wewe!" Saada akacheka huku akijifuta macho. "Niambie wale ndege wadogo."