Namba Kumi na Moja za Rael

Kwa miaka kumi na minne Rael Jelagat aliwaunganishia watu wa Eldoret simu. Ukipiga kutoka Turbo au Kesses, sauti ya kwanza kuisikia ilikuwa yake: "Namba, tafadhali?" Kisha akakuuliza kama mgonjwa wako amepata nafuu. Watu walimjua bila kumwona.

Namba kumi na moja hazikuandikwa popote. Zilikuwa za wakubwa: kambi ya jeshi, mkuu wa wilaya, polisi na wengine wa aina hiyo. Opereta alifundishwa kwa mdomo, akazibeba kichwani. Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni.

Mwaka 1986 serikali ikakaribisha kampuni ya ng'ambo ilete mtambo wa kuunganisha simu bila opereta, na za nje kuzirusha kwa setilaiti. Maopereta wote wangeachishwa kazi isipokuwa mmoja wa kuuangalia mtambo. Rael, mjane mwenye watoto watatu, aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Mhandisi wa kampuni akaomba orodha ya laini zote, kwani laini ambayo haikuandikwa ingekufa siku ya kubadilisha mitambo.

"Andika zote, Mama," Bwana Walubengo, mkuu wa kituo, akamwambia. "Simu ya mkubwa ikikufa, tutafutwa kazi sisi wawili."

"Hata zile za kichwani, bwana?"

"Si nimesema zote? Wewe andika tu."

Akaziandika kwa mwandiko wake safi wa shule ya misheni, akamkabidhi mhandisi. Maskini, siku hiyo alitembea kifua mbele.

Siku ya tatu watu wa usalama walimtoa kitini, hedifoni zikiwa bado masikioni. Kumpa mgeni namba za jeshi! Walubengo, mtu mzima na kitambi chake, aliapa kwamba hakumtuma. "Huyu mama nilimwonya," alisema huku akitazama viatu vyake. Alaaniwe popote alipo. Walimchapa Rael nyayo hadi akashindwa kusimama, wakitaka jina la nchi iliyomtuma. Yeye nchi za nje alizijua kwa kuziunganisha tu, basi akazitaja zote. Wakaandika.

Mhandisi hakuulizwa hata swali moja. Mwekezaji hasumbuliwi. Orodha yenyewe kampuni ilirudishiwa kwa barua ya serikali, maana bila hiyo mtambo usingewashwa.

Siku ya ufunguzi Rael alikuwa sakafuni, ndani ya seli ya polisi. Simu ya kaunta, namba ya nne katika orodha yake, ikalia. Koplo akainua.

"Ndio, afande! Nakusikia clear kabisa. Huyo mama? Bado tuko naye. Sawa, tunamleta Nairobi leo."

Akaweka simu chini, akawageukia wenzake akicheka. "Hii mashine ya wazungu ni kali, jameni. Hata opereta hauhitaji."

Kisha akachukua pingu.