Notburga Aitwa Mwalimu

Lituhi nzima inamjua Notburga kwa usipa wake, samaki wadogo wa ziwani anaowaanika juu ya vichanja, hawana hata chembe ya mchanga. Ni mjane. Shule aliishia darasa la saba, na hajawahi kudai zaidi. Akishakausha, anafunga mizigo na kuipeleka sokoni Mbinga. Ndiyo kazi yake kwa miaka ishirini na mbili, na ukimwambia ni kazi ndogo atakutimua.

Mwaka jana alikwenda Dar es Salaam kuonana na wazazi wa Praygod, mchumba wa bintiye Jacqueline. Baba mtu alikuwa safarini, kwa hiyo neno la kukubali au kukataa ndoa lilikuwa la mama mtu, mstaafu wa wizarani, mwanamke asiyecheka ovyo. Walikutana Jumapili baada ya misa, mgahawa wa Kichina, ghorofa ya kumi na moja. Notburga hakubabaika. Mhudumu alipoleta chai akamkaribisha akae wale pamoja. Mhudumu akashukuru, hakukaa.

Supu ilipofika, mama Praygod akauliza, "Mwalimu, ulistaafu ukifundisha darasa la ngapi?"

Notburga akamtazama binti yake. Jacqueline alikuwa anazungusha kioo cha katikati ya meza, kile cha kupitishia vyakula, bila kupakua chochote. Notburga akaelewa ni nani aliyewaambia kuwa yeye ni mwalimu. Iliuma, tena iliuma sana.

"La kwanza," akajibu, akanywa supu.

Kisha akaletwa samaki mzima wa mvuke, kajaa tangawizi. Wenzake wakahangaika naye kwa vijiti mpaka ikawa aibu kutazama. Notburga akaomba maji, akanawa, akapitisha kidole gumba mgongoni mwa samaki, akavuta. Mfupa ukatoka mzima, kichwa hadi mkia.

"Mwalimu! Hayo umejifunzia wapi?" mama Praygod akauliza, safari hii akicheka.

Angeweza kusema lolote. Lakini kazi yake anaipenda, na kuikana mara mbili katika mlo mmoja kulimshinda.

"Mama, mimi si mwalimu. La darasa la kwanza nimekudanganya, unisamehe. Ninaanika usipa Lituhi. Usipa ndio uliomsomesha huyu mpaka chuo kikuu."

Praygod akainamia sahani. Mama yake akamgeukia Jacqueline, kicheko kimekwisha. "Na kipi kingine umetudanganya?"

"Mwache, mama," Notburga akasema, akiendelea kugawa minofu. "Ninyi amewaongopea tu. Mimi amenikana. Na mimi nimeshamsamehe, tangu ile supu."

Mama Praygod akasogeza sahani yake apakuliwe. Jacqueline akalia kwa sauti, palepale mgahawani, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa.