Injera ya Aregash Yafika Washington Kabla Yake

Aregash Tilaye anafunua kifuniko cha kikaango, mvuke unamjaa usoni. Anapenyeza ungo mwembamba wa nyasi chini ya injera, mkate mpana wa unga uliochachushwa, anainyanyua bila kuikunja na kuitandaza mezani peke yake. Haiweki juu ya nyingine mpaka ipoe.

Nje ya jiko hili la Gerji, jirani na uwanja wa ndege wa Addis Ababa, honi inalia. Gashaw, dereva wa mizigo, kachoka kungoja.

"Etete, ndege haina subira ya mkwe!" Etete ndilo jina la heshima wanalomwita Aregash hapa.

"Mama yako angekuwa na haraka hivyo, ungezaliwa mbichi!"

Wapishi wenzake wanaangua kicheko. Yeye hacheki.

Leo ni Ijumaa. Maboksi ya mikahawa ya Washington yamekwisha kupakiwa. Limebaki moja, la binti yake Bezawit, anayeishi huko mwaka wa tisa sasa. Jumapili Bezawit anambatizisha mwanawe wa kike, aliyetimiza siku themanini, kama ilivyo desturi ya kanisa lao kwa watoto wa kike. Bibi hajamshika. Alinyimwa viza mara mbili, na mshahara wake wa mwezi haufiki robo ya nauli. Kitakachomwakilisha ni injera tu, na baridi ya mwisho wa Agosti imechelewesha unga wake kuchacha.

"Dada, funga tu," anasema Zinash, wa kikaango cha pili. "Zitapoa hukohuko angani."

"Zikifungwa na moto zinatoa jasho. Zikifika zina ukungu, wageni wale nini, maboksi?"

Safari ni ndefu: kilomita kama elfu kumi na moja na nusu. Kurudi ni saa kumi na tatu hivi, lakini kwenda hufika kumi na saba. Addis iko juu milimani, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaza mafuta haiwezi kuruka na uzito wote ule.

"Inaondoka na njaa, inakwenda kula njiani," anaeleza Aregash.

Honi tena. Aregash anapitisha mgongo wa mkono juu ya kila injera, moja moja, kama anayempima mtoto homa. Zilizopoa anaziweka kwenye boksi. Zenye joto anaziacha.

"Hizi tutakula sisi."

Boksi halikujaa hata nusu. Injera zitateleza na kuchanika. Anatazama huku na huku, kisha anavua shuka lake jeupe la mabegani, analikunja na kulishindilia kwenye nafasi iliyobaki.

"Etete, na baridi hii?" Gashaw anauliza, sauti imeshuka.

"Nenda, baba. Ulikuwa na haraka."

Jumapili jioni simu inalia. Anaiweka sauti ya juu, jiko zima lisikie.

"Mama, zimefika laini! Hazikutosha, wageni wamegombania."

"Na shuka?"

"Mjukuu wako kalilalia. Ukilivuta analia."

Aregash anageukia ukutani kidogo, halafu anarudi kwenye kikaango.

Mvua zikikatika na Mwaka Mpya wa Ethiopia ukiingia Septemba, atakwenda ubalozini mara ya tatu. Nauli anachanga na dada zake. Akipewa viza, anasema, injera habebi hata moja. Atabeba unga na chachu.

"Miaka yote hii mwanangu anakula injera yangu imeshapoa," anasema. "Nataka nimpe ya moto, aungue vidole."