Bunda la Nahodha

Binti yangu, anayeuza tikiti za safari Nairobi, ndiye aliyenipandisha meli. "Baba," aliniambia, "umekata nyama miaka arobaini. Nenda sasa ukae, nawe ulishwe." Tikiti ilikuwa rahisi mno. Mimi ni mtu wa bucha, na mwenye bucha akitajiwa nyama ya bei ya kutupa, swali lake la kwanza ni imelala siku ngapi. Siku hiyo sikuuliza. Nilikuja kuambiwa tukiwa baharini kwamba chombo chenyewe kilikuwa kinamalizia safari zake, kisha kipelekwe kuvunjwa kiuzwe vyuma.

Nilikwenda peke yangu. Mke wangu hapandi kitu kisichokanyaga ardhi, hata umpe dhahabu.

Sisi ni watu wa Majengo, Meru mjini. Nyumbani tunasema Kiswahili, sokoni Kimeru, na babu zetu walitoka kila upande. Lakini ukikaa Meru, Meru nayo inakaa ndani yako. Mtu mzima haingii nyumba ya mtu mzima mwenzake mara ya kwanza akiwa mikono mitupu. Unabeba bunda la miraa iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti, ikafungwa kwa majani ya mgomba na kamba ya mgomba. Wameru wenyewe huliita ncoolo, na ndilo bunda wanalotanguliza hata wakienda kuomba mke. Basi nikapiga hesabu zangu: meli ni nyumba, nahodha ndiye mwenye nyumba, na mimi nitalala kwake siku sita. Mgeni njoo, mwenyeji apone! Nikamwagiza mzee mmoja wa Maua anifungie bunda la kumheshimu nahodha. Mombasa, askari wa langoni alifungua begi, akacheka, akanitakia safari njema.

Nilipopanda ngazi ya ile meli, wallahi, moyo ulikataa. Walikuwa wamepaka rangi nyeupe juu ya rangi nyeupe, na bado kutu ilikuwa inajitokeza kwenye kila msumari. Nusu ya vyumba vilikuwa vimefungwa kwa minyororo. Zulia la njia ya ndani lilikuwa limelowa kona moja, na hakuna aliyeniambia limeloweshwa na nini. Dirisha la chumba changu, duara la ukubwa wa sahani, lilipakwa rangi hadi likashikana na ukuta, halifunguki ng'o. Na chini kabisa, mbali, kitu kilikuwa kinagonga mara tatu, kinanyamaza, kinagonga tena. Nilimuuliza mwanamke aliyekuwa akitandika kitanda changu hicho ni nini.

"Ni meli tu, mzee wangu," akasema.

Kwa hilo "mzee wangu" nikajua ametoka upande wetu. Alikuwa Mmbeere wa Ishiara, kule chini kwenye joto na mashamba ya ndengu, mama wa kama miaka arobaini. Tulitaniana papo hapo. Alisema Wameru hasira yao huingia nyumbani kabla ya wenyewe. Nikamwambia mbuzi wa Mbeere nawajua, nimewachinja, ni mifupa iliyovaa ngozi. Akacheka hadi akakaa kwenye kitanda alichokuwa akikitandika, kisha akaruka juu, akachungulia mlangoni kama ameonekana. Hapo ndipo nilipoona jinsi alivyokuwa anaogopa.

Alinieleza kwa nini. Alikuwa hajamwona mtoto wake kwa miezi kumi na mmoja. Alimwacha Ishiara kwa mama yake, nyuma ya soko la mbuzi. Safari hii ikiisha, meli ikienda kuvunjwa, kila mfanyakazi asiye na doa angepewa barua ya mwenendo mwema, na kwa barua hiyo angepokelewa meli nyingine. Asiye na barua hapokelewi popote. "Nikipata hiyo barua, mtoto anamaliza shule," alisema. "Nikikosa, tunarudi kwa ndengu, na mvua yenyewe unaijua."

Alasiri hiyo, akisafisha bafu, alifungua kabati la chini na kusikia harufu ya majani.

"Mzee, hii si miraa?"

"Ni ya nahodha," nikasema.

Alianza kucheka. Alipoona mimi sicheki, akafunga mlango.

"Nisikilize, mzee wangu. Huko tunaenda Unguja hii kitu wanaita mirungi, na ni dawa ya kulevya. Mtu anafungwa. Wakipanda hapa wanakuja na mbwa. Na mimi sheria ya hii meli inasema nikiona kitu kama hii nipeleke ripoti saa hiyo hiyo. Sijapeleka, kwa sababu ni wewe. Enda juu uitupe baharini, leo."

Mtu mwenye akili angeinuka. Mimi nilikasirika. Nani huyu wa kuniambia nitupe bunda la heshima? Marehemu baba yangu angenizaba kofi. Nilisema moyoni, nikishampa nahodha mkononi mwake, nani atamuuliza nahodha? Jioni akapita kuniuliza.

"Umeitupa?"

"Nimeitupa."

"Asante, mzee. Mungu akubariki." Aliondoka akiimba.

Kesho yake tulipaswa kuamkia Unguja. Badala yake, wakati wa chai ya asubuhi, ule mtetemo wa injini tuliokwisha kuuzoea ulikatika. Vikombe viliacha kulia kwenye sahani. Ukumbi mzima wa wazee wa watu, wengi wao wageni wa ng'ambo, wakabaki na vijiko hewani. Kipaza sauti kikasema hakuna tatizo. Kisha kikarudia hakuna tatizo, na kwa hilo la pili kila mtu akaingiwa na hofu. Injini ilikuwa kimya, lakini kule chini kitu kiliendelea kugonga, mara tatu tatu.

Nikachukua begi nikapanda hadi mahali pa nahodha. Afisa alisimama mbele ya kamba.

"Abiria hawaruhusiwi hapa."

"Mwambie nahodha nina kitu chake."

"Kitu gani?"

Nikasema, "Salamu."

Aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akanionyesha ngazi ya kushukia. Lo, mgeni kufukuzwa mlangoni na salamu yake mkononi! Hapo ndipo nilipowakumbuka wale mbwa wa Unguja. Nikaenda ukingoni nilitupe bunda baharini kama nilivyoambiwa, na huko nikakuta watu wamejipanga wote wakitazama maji. Meli imesimama, maji yamesimama. Takataka zilizomwagwa tangu asubuhi zilikuwa palepale ubavuni, hazijasogea hata hatua moja. Ningetupa bunda la majani mabichi ya mgomba, lingekaa hapo likitazamwa na kila mtu hadi injini iwake. Nikarudi nalo chumbani, nikalirudisha kabatini, nikajilaza na viatu.

Injini iliwaka alasiri. Tulitia nanga Unguja asubuhi ya siku ya tatu. Kipaza sauti kikasema maafisa wanapanda, kila abiria akae chumbani mwake. Nikasikia kucha za mbwa kwenye ngazi ya chuma.

Nisiwafiche, nilichanganyikiwa. Nilivuta dirisha hadi kucha ikang'oka. Nilijaribu kulisukuma bunda kwenye choo, likakataa. Nikafungua mlango. Njia ilikuwa tupu. Mbele yangu palikuwa na kabati la mashuka safi, kabati la yule mama, ambalo kitasa chake kilikuwa kibovu, halifungi vizuri. Nililisukuma bunda katikati ya mashuka, nikarudi, nikanawa mikono kwa sabuni, mara mbili, nikakaa kitandani nimeshika tasbihi.

Mbwa hakubweka. Alikaa tu chini mbele ya lile kabati. Milango ikafunguka, na mimi nikafungua wangu kama wengine.

"Kabati la nani?" afisa akauliza.

"Langu," akajibu yule mama.

Walilitoa bunda. Lilikuwa zuri, bado mbichi, kamba yake imenyooka. Alilitazama, kisha akanitazama mimi. Hakuwa ananisihi. Alikuwa ananingoja. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni langu. Mdomo huu unaomtukana kila mteja anayebonyeza nyama kwa vidole ulikauka.

"Si yangu," akasema.

"Ni ya nani, basi?"

Akanigeukia. Akangoja tena. Kisha akafungua aproni yake, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya mashuka, wakashuka naye. Alipita karibu nami kiasi cha kunigusa bega.

Baada ya hapo tuliitwa kula. Nilikula mayai. Ndiyo, nilikula.

Safari ikaendelea, na mtu mwingine akawa ananitandikia. Niliporudi Meru niliwaambia watoto kwamba bahari ni nzuri. Bucha ilifunguliwa, visu vilinolewa, watu wakanunua. Lakini kila nikinawa damu mikononi naona ile aproni. Majuto ni mjukuu, walisema, na wangu alikuja kukaa kabisa. Mwezi wa tatu tangu nirudi nikashindwa kuvumilia. Nikafunga paja zima la mbuzi kwenye gazeti, nikashuka Embu, nikaenda hadi Ishiara kusema ukweli.

Nyuma ya soko la mbuzi sikuuliza mara mbili. Mama mzazi wa yule mwanamke alinipokea kwa mikono miwili. Nilimwambia nilikuwa abiria katika ile meli, nimekuja kuwajulia hali. Alilia, akanikalisha, akanipa uji wa mtama, akamwita mtoto aje anisalimie. Ni msichana, ana uso wa mama yake.

"Kesi bado," alisema yule mama mzee. "Wakili amesema mwenye mzigo akipatikana, msichana wangu anatoka siku hiyo hiyo. Sisi tukamwambia ataje jina. Amekataa. Anasema ni mtu mzima wa kutoka kwetu, na mtu mzima hasemewi, atajisema mwenyewe."

Uji ulikuwa moto. Niliushika tu.

"Wewe ulikuwa kwenye meli hiyo, baba. Huyo mtu ulimjua?"

Nilikuwa nimetoka Meru kwa swali hilo hilo. Jibu nililibeba njia nzima, nikilirudiarudia hadi ulimi ukalizoea. Mtoto alikuwa amesimama ananitazama, akingoja, vilevile kama mama yake.

"Simjui, mama," nikasema.

Yule mama mzee alitikisa kichwa polepole. Akasema watu wote wa meli ile, hakuna hata mmoja aliyewahi kuja, ila mimi. Kisha akasimama, akaniwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu anilinde njiani kwa wema wangu. Nikaitikia amina.